Majibu ya Swali la Nani

Bahasha haikuwa imefungwa kwa gundi. Ilibanwa kwa pini moja ya stepla, na pini hiyo niliitoa kwa ukucha kabla basi halijafika Mwanga.

Naanza na hilo kwa sababu kila ninapolisimulia watu hunitetea kabla sijamaliza. Ulikuwa na wasiwasi, wanasema. Ni mama yako. Nani angesubiri? Hakuna anayeuliza bahasha ilikuwa na jina la nani. Ilikuwa na jina la Mama, kwa kalamu ya bluu, na namba ya faili chini yake. Mimi nilitumwa kuichukua tu. Daktari angemweleza mwenyewe Jumanne. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, nami nilikuwa nimekaa dirishani upande wa kushoto, milima ya Upare ikianza kujitokeza, karatasi mbili za Kiingereza zikiwa mapajani.

Wiki tatu nyuma Mama alikuwa amefanyiwa upasuaji akatolewa nusu ya tezi ya thairoidi, ile yenye umbo la kipepeo iliyokaa mbele ya koo. Upande wa kulia ulikuwa na kivimbe ambacho alikigundua mwenyewe akijifunga kilemba mbele ya kioo. Hakikuuma. Kilipanda na kushuka alipomeza mate, na hilo lilimchekesha. Aliwaonyesha majirani kama mtoto anayeonyesha jino linalolegea.

Kwetu shingo iliyovimba si habari. Udongo wa milimani umeoshwa na mvua miaka na miaka, madini joto yakaenda na maji, na anayekula kinachoota humo humo shingo yake huja kutoa taarifa. Bibi yangu mzaa mama, aliyeishi Vudee maisha yake yote, alikuwa na rovu kubwa kama embe dodo. Alizikwa nalo, na sikumbuki mtu yeyote akiliita ugonjwa. Ilikuwa ndiyo shingo yake. Katika miaka ya 1980 kiwango cha goita nchini kilikadiriwa kuwa asilimia 25. Zikaja kapsuli za mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, kisha, miaka ya 1990, chumvi ya madini joto, na utafiti wa taifa wa 2004 ukakuta kiwango kwa watoto wa shule kimeshuka hadi karibu asilimia 7. Kizazi changu kinaijua ile chumvi ya pakiti, hakilijui rovu. Kwa hiyo kivimbe kilipotokea, Mama alimwona bibi. Mimi niliona kansa. Tulikuwa tunaitazama shingo moja.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha sindano nyembamba. Seli zilizovutwa zilikuwa za folikula, vile vifuko vidogo vinavyotengeneza homoni za tezi, nazo zilikuwa nyingi kupita kawaida. Hapo sindano ikaishia, haikuweza kusema zaidi. Ilinichukua muda kuelewa kwa nini. Katika uvimbe wa aina hii, seli ya uvimbe usio na madhara na seli ya saratani zinaweza kufanana kabisa. Uzitazame moja moja kwenye hadubini hadi macho yaume, hutazitenganisha. Kinachozitofautisha ni mahali zilipo: kama zimebaki ndani ya ganda linalozunguka uvimbe, au zimelitoboa, au zimeingia kwenye mishipa ya damu. Sindano huleta seli, lakini mahali pake hubaki kule kule shingoni. Ni kama kumkamata mtu na kumpeleka kituoni, halafu huko kituoni ndiko uanze kuuliza kama alikuwa amevuka mpaka. Ndiyo maana kivimbe chote hutolewa na ganda lake, kikakatwa vipande vyembamba, na mtu akakaa chini kuufuata ukingo wake.

Nilikuwa najifunza haya yote kwa simu, mtandao ukija na kukatika, kwa sababu karatasi haikuwa na maneno niliyoyatafuta. Iliandika ukubwa, sentimita 3.1. Iliandika kwamba ganda lipo na lote limechunguzwa. Iliandika kwamba hakuna uvamizi wa ganda wala wa mishipa ya damu katika vipande vilivyochunguzwa. Kisha, chini, kwa herufi kubwa, jina la ugonjwa, ambalo baadaye nilikuja kulitafsiri hivi: uvimbe wa folikula wa thairoidi usiovamia, wenye viini vya seli vinavyofanana na vya papilari. Kifupi chake cha Kiingereza ni NIFTP. Neno kansa halikuwamo. Lakini maneno "si kansa" nayo hayakuwamo.

Nilipotafuta hilo neno "papilari" nikakuta saratani. Ukurasa wa kwanza ulieleza uvimbe wenye ganda, wa folikula, wenye viini vile vile, ukauita saratani ya papilari bila kusitasita. Ukurasa wa pili ulieleza kitu hicho hicho na kusema si saratani. Picha zilifanana, zenye madoadoa ya zambarau yaliyobanana kama punje za mahindi kwenye gunzi. Nilidhani mmoja wao amekosea. Kumbe ule wa kwanza uliandikwa kabla ya 2016 na wa pili baada ya hapo.

Mwaka huo jopo la wanapatholojia 24 kutoka nchi 7, likiongozwa na Yuri Nikiforov, lilichapisha utafiti wake katika jarida la JAMA Oncology. Walikuwa wamekusanya vivimbe 210 vilivyokuwa vikiitwa saratani, wakavigawa kwa kigezo cha ganda: vilivyovamia na visivyovamia. Wagonjwa 109 wa kundi la pili walikuwa wamefuatiliwa kwa miaka 10 hadi 26. Wote walikuwa hai, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na dalili ya ugonjwa kurudi. Jopo likaamua kuondoa neno saratani kwenye jina. Walikadiria kwamba uamuzi huo ungewagusa wagonjwa zaidi ya 45,000 duniani kila mwaka, watu ambao hawangeambiwa tena kwamba wana kansa ilhali shingoni mwao hakuna kilichobadilika.

Nilipoelewa hilo, tulikuwa tumeshaipita Mwanga. Nilihisi nimepata ruhusa. Kama wanapatholojia 24 wanaweza kulifuta neno, nani wa kunizuia mimi?

Nilimpigia Mjomba pale stendi ya Same, upepo ukinivutia mchanga mdomoni. Mjomba ndiye anayeamua mambo ya upande wa mama. Nikamsomea. Akanyamaza, kisha akaniuliza kama neno lenyewe limo. Nikasema halimo, ila liko jirani. "Basi mwambie ni uvimbe wa kawaida," akasema. "Wewe si ndiye msomi? Umesoma Kiswahili mpaka uzamili, sasa tusomee hicho Kiingereza kwa Kiswahili kizuri."

Sitaki mtu amfikirie Mjomba kama mtu wa giza. Ana sababu yake, na ni sababu ya mtu aliyezika. Ndugu yetu mmoja huko Chome aliambiwa ana kansa ya tumbo saa nne asubuhi. Jioni aligeuza uso ukutani na hakuomba chakula tena. Mjomba ndiye aliyekuwa akimlisha uji kwa kijiko. Anaamini, na sina uthibitisho wa kumpinga, kwamba yule mzee aliuawa na neno kabla ya ugonjwa. Kwetu ukisema fulani amepelekwa Ocean Road, watu huanza kuuliza msiba utakuwa wapi, ingawa wapo waliotibiwa huko na kurudi kulima. Mjomba alimpima Mama kwa kijiko kile cha uji. Alitaka dada yake ale.

Mama alikuwa genge lake la tangawizi, akichambua mzigo ulioshuka kutoka Mamba. Sauti yake ilikuwa bado haijarudi vizuri baada ya upasuaji. Ilitoka na kamkwaruzo, kama redio iliyo pembeni kidogo ya stesheni.

"Yametoka?"

"Yametoka. Mazuri, Mama. Ni uvimbe wa kawaida."

Akashukuru Mungu, akaendelea kuchambua. Usiku alikula wali akaongeza. Mimi ndiye niliyeshindwa kula.

Usiku huo nilijaribu kujihakikishia kwamba sikusema uongo. Nilikuwa na hoja nzuri. Jina la ugonjwa ni uamuzi wa watu, na watu hao hao walikuwa wamelibadilisha. Saratani yenyewe ni neno la Kiarabu lenye maana ya kaa, yule mwenye gando, na hakuna kaa shingoni kwa mtu yeyote. Tena mabingwa wanakubali kwamba neno linadhuru. Korea Kusini walipoanza kuwapima watu shingo kwa altrasaundi bila dalili yoyote, saratani za thairoidi zilizogunduliwa mwaka 2011 zilifikia mara 15 ya zile za 1993, na vifo havikubadilika. Maelfu walipasuliwa kwa sababu ya kitu ambacho pengine wangezeeka nacho, kama bibi wa Vudee na embe dodo lake. (Sisi shida yetu ni kinyume chake: kivimbe hufika hospitali kikiwa na umri wa mtoto wa darasa la saba.) Kwa hiyo, nikajiambia, kuondoa neno ni huruma, na sayansi iko upande wangu.

Hoja hiyo ilidumu mpaka Ijumaa mchana, nilipoirudia karatasi. Lile jopo halikusema "uvimbe wa kawaida." Walitunga jina refu lisilotamkika kwa sababu walikataa kusema zaidi ya walichokijua. Jina lenyewe lina neno "usiovamia", ambalo linakwambia walitafuta nini, na neno "vinavyofanana", ambalo linakiri kwamba kuna kinachofanana na kibaya. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliuweka uvimbe huu katika kundi la hatari ndogo, mahali pa katikati, nje ya kundi la visivyo na madhara na nje ya kundi la saratani. Tena ruhusa ya kulitumia jina hilo ina masharti: ganda lazima lichunguzwe lote, maana ukiruka kipande unaweza kuwa umeruka palipotobolewa. Wale waliondoa neno baada ya kuwafuatilia wagonjwa miaka 10 na zaidi, wakaweka wazi sababu zao ili yeyote awapinge. Mimi niliondoa neno baada ya saa mbili za basi, na kwa masharti kwamba mtu mmoja asijue. Mtu huyo ndiye mwenye shingo.

Kuna methali anayoipenda kila mtu hospitalini: mficha maradhi kifo humuumbua. Humsema mgonjwa anayejificha. Sijasikia methali inayowasema ndugu wanaomficha mgonjwa maradhi yake mwenyewe, na ninashuku ni kwa sababu waliotutungia methali walikuwa ndugu.

Lakini jambo lililonisumbua zaidi ni neno letu wenyewe, majibu. Majibu yametoka, umechukua majibu, majibu mazuri. Waingereza huandika "ripoti", nasi tunasema majibu, na huwezi kuwa na jibu bila swali. Nikajiuliza karatasi ile ilijibu swali la nani. Mwanapatholojia aliuliza kama seli zimevuka ganda, naye alijibiwa: hazikuvuka, katika vipande vilivyochunguzwa. Mjomba aliuliza kama dada yake ataacha kula. Mimi, nikiwa mkweli, niliuliza kama nitaruhusiwa kurudi Dar es Salaam kuendelea na tasnifu yangu bila kujihisi muuaji. Tulichukua jibu la swali la mtu mwingine tukalibandika kwenye maswali yetu. Na hakuna aliyekuwa amemuuliza Mama yeye anauliza nini.

Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana, alishauri kwamba tatizo la falsafa ulilojifunza kwa lugha ya kigeni ulifikirie upya katika lugha ya mama, uone kama bado ni tatizo. Siku zote nilidhani faida ya zoezi hilo ni kugundua kwamba matatizo fulani ya Wazungu kwetu hayapo. Hapa lilifanya kinyume. Kwa Kiingereza nilikuwa na tatizo dogo, jinsi ya kutafsiri neno. Kwa Kiswahili likawa kubwa zaidi, kwamba nimejibu kabla ya kuulizwa.

Hata hivyo sikumwambia. Jumamosi tulikwenda kanisani, Jumapili ikapita, Jumatatu nikapata sababu ya kwenda sokoni mara tatu. Ningependa kuandika kwamba niliungama. Sikuungama.

Jumanne daktari alikuwa binti mdogo pengine kunizidi miaka minne. Alimkaribisha Mama, akavuta kiti karibu naye badala ya kukaa ng'ambo ya meza, akasema, "Mama, nina mambo ya kukueleza. Unapenda nikueleze yote, au mwanao atoke kwanza?" Mama akasema akae tu, yeye ameshasoma. Alikuwa akimaanisha shule. Mimi nilisikia lingine.

Daktari akachora shingo, akachora kivimbe, akachora mstari wa ganda. Akasema kitu hiki zamani kiliitwa kansa na siku hizi hakiitwi hivyo, na akaeleza kwa nini. Akasema nusu ya tezi iliyobaki ingepimwa kama inatosha kufanya kazi, na kwamba uwezekano wa kitu hiki kurudi ni mdogo sana, lakini angependa kumwona tena. Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande, kama anavyowasikiliza wauza tangawizi kabla ya kutaja bei yake.

"Kwa hiyo," akasema na ule mkwaruzo wake, "mngenipasua mwaka 2015, ningekuwa na kansa?"

Daktari akacheka, kisha akaacha kucheka. "Ungeambiwa una kansa, ndiyo. Na wengi waliotangulia walitolewa tezi yote, wengine wakanyweshwa na dawa ya mionzi."

"Na walikuwa nayo?"

"Walikuwa na kitu hiki hiki ulichokuwa nacho wewe, Mama."

Mama akatikisa kichwa polepole. Nilifikiri anajionea bahati. Baadaye aliniambia alikuwa akiwafikiria wao, wale wa 2015, na kama kuna mtu aliyewapigia simu.

Kwenye basi la kurudi hakusema neno mpaka Mwanga. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Ile bahasha ulipoichukua ilikuwa na pini?"

"Ilikuwa nayo."

"Niliona matundu mawili, pini hakuna." Akanyamaza. "Ulilala siku hizo?"

"Sikulala."

"Mimi nililala," akasema. Mpaka leo sijui kama lilikuwa shtaka au msamaha, nami sikuuliza.

Jioni alizima redio, akaweka karatasi mezani, akasema nisome yote, neno kwa neno, nisiruke. Tulikaa karibu saa mbili. Mahali pagumu palikuwa pale penye ganda na uvamizi. Nilijaribu kifuko, nikajaribu ukuta, nikajaribu mpaka. Alinikatiza.

"Unasema ndiva."

Ndiva ni bwawa la milimani kwetu. Maji ya mto huingia humo usiku kucha, asubuhi hufunguliwa yashuke kwenye mifereji mpaka mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Baba yake Mama aliwahi kuwa mmoja wa waangalizi wa ndiva, na yeye akiwa mtoto alikuwa akimfuata alfajiri. Kazi ilikuwa kuuzunguka ukuta wa udongo kwa nje, pole pole, kutafuta unyevu.

"Kwa hiyo huyo wa hadubini aliuzunguka ukuta," akasema.

"Ndiyo."

"Wote?"

"Imeandikwa ganda lote limechunguzwa."

"Akakuta pakavu."

"Katika vipande vilivyochunguzwa," nikasema. Ndiyo maneno ambayo Alhamisi niliyaacha nje ya sentensi yangu.

"Basi hivyo hivyo. Hata Baba hakuwahi kusema ndiva haivuji. Alisema nimezunguka, nimekuta pakavu." Akaivuta karatasi kwake, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa plastiki wenye hati ya shamba na kadi yake ya kliniki.

Kesho yake jirani alikuja gengeni kuuliza habari za Moshi. Mama akamwambia kilikuwa kitu cha katikati, zamani wangekiita kansa. Jirani akashika kifua, akanigeukia mimi, mwenye shule, anikodolee macho nimwambie kama ni kweli.

Nikaendelea kuchambua tangawizi. Nilimwambia amuulize mwenyewe, majibu ni yake.

Mama alikuwa ameshaanza kumchorea ukuta kwa kidole kwenye vumbi la meza.